Haja, Matakwa na Chumba cha Kapera: Suala la Mahusiano ya Karibu katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Swali la nini mtu anachokihitaji kwa mwenzi wake, na nini anachokitaka tu, aghalabu huachiwa wazee, makungwi na washauri wa ndoa. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la historia na la lugha. Hoja yetu ni kwamba katika mitaa inayopakana na Eneo la Viwanda la Nairobi, swali hili liliwahi kujibiwa na wengine kwa niaba ya wahusika wenyewe, na jibu hilo likajengwa kwa mawe, likaezekwa, likapangishwa kitanda kwa kitanda.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina kitenzi 'taka', ambacho asili yake ni ya Kibantu, na pia kina 'haja' na 'hitaji', maneno mawili yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Mtu angeweza kudhani kwamba la kwanza ni la moyo, na haya mengine ni ya lazima. Matumizi hayaukubali mpaka huo. Twasema 'nyumba yataka kuezekwa', hali nyumba haina moyo wa kutamani. Twasema 'mtoto ataka kuanguka', na hakuna mtoto apendaye kuanguka. Tena 'unatakiwa' yaweza kuwa habari ya kupendwa, ya kuitwa na mkubwa, au ya kuwiwa kodi. Kwa hiyo mtu amwambiapo mwenziwe 'nataka ukae nami', neno peke yake haliamui kama anatamani, anaomba, au anapungukiwa. Msikilizaji hana budi kuuliza. Asipouliza, mwenye nguvu zaidi kati yao ndiye atakayeamua maana.

Katika Nairobi ya kikoloni, mwenye nguvu alikuwa mwajiri na manispaa. Mji huo ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa muda mrefu Mwafrika alihesabiwa humo kuwa mpita njia. Katika miaka ya 1920 mwanamume alitakiwa kuchukua kipande. Mshahara wake ulikadiriwa kwa kiasi cha kumtosha mtu mmoja, kwa dhana kwamba mke na watoto watalishwa na jembe la mke huko shambani. Mke mwenyewe hakuulizwa. Reli iliwaweka wafanyakazi wake Muthurwa, na baadaye Makongeni. Manispaa nayo ikajenga mitaa kama Shauri Moyo na Ziwani. Mara nyingi kilichopangishwa hakikuwa nyumba, wala hata chumba, bali nafasi ya kitanda. Hesabu hiyo iliviweka chakula, blanketi na kitanda katika fungu la haja. Chai ya asubuhi iliyopikwa na mwingine, maji ya moto ya kuogea, mtu wa kuzungumza naye na mtu wa kumwuguza mgonjwa, vyote hivyo vikatiwa katika fungu la matakwa.

Lakini kilichoachwa nje ya hesabu hakikutoweka. Mtaa wa Pumwani, ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, uliwaruhusu Waafrika kujijengea nyumba, na miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi. Mwanahistoria Luise White, aliyezungumza na wazee wa huko katika miaka ya 1970, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990, *The Comforts of Home*, jinsi 'malaya' kwa maana ya wakati ule alivyotofautiana na 'watembezi' wa barabarani. Malaya alikaa chumbani mwake akingoja kufuatwa. Mwanamume aliyekuja hakupata kitanda tu. Alipata pia chakula, maji ya kuoga, chai, mazungumzo na heshima. Vitu hivi vilikuwa na bei, na baadhi ya wanawake walijenga nyumba kwa mapato yake.

Hatukusudii hapa kuisifu biashara hiyo wala kuilaani. Tunachotaka kionekane ni kwamba yaliyoitwa anasa na wakadiriaji wa mishahara yalilipiwa na watu ambao mishahara yao haikuwa na ziada. Yamkini msomaji atapinga kwamba kununuliwa si ushahidi wa haja, kwani hata tembo hununuliwa. Pingamizi hili lina nguvu, lakini serikali yenyewe ililijibu. Mwaka 1945, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya posho za familia kwa raia wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, Kaloleni ilijengwa Nairobi, kwa kutumia pia kazi ya mateka wa vita wa Kiitaliano, ikiwa na nyumba za familia na ukumbi wa jamii. Mwezi wa Mei 1950 wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Hatimaye, mwaka 1954, kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa kapera haufai, ikapendekeza kipimo kiwe mtu na familia yake. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Operesheni Anvil iliwakamata maelfu ya watu jijini na kuzitenganisha familia nyingi. Haja iliyokuwa imeanza kutambuliwa kwa kalamu ikavunjwa kwa bunduki.

Utambuzi ulio wazi zaidi ulichelewa. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inauhesabu mchango usio wa fedha, yaani kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani, na hata usuhuba wa wanandoa. Jembe la mke, lililoubeba mshahara wa kapera bila kutajwa, sasa limetajwa. Na yale yaliyokuwa na bei katika vyumba vya Pumwani yamepewa uzito mbele ya hakimu.

Kutokana na historia hii, twaona kwamba swali la manispaa, 'Je, aweza kuishi bila hicho?', ni kipimo kibovu cha haja. Mtu aweza kuishi miaka mingi bila mambo ambayo kukosekana kwake kunamdhoofisha. Swali lifaalo zaidi ni hili: kikikosekana, mtu hukitafuta wapi, na nani hulipa gharama? Wanandoa waweza kuulizana hivyo, na mtunga kamusi naye atafanya vema asikimalize kitenzi 'taka' kwa fasili ya 'tamani'. Katika kinywa cha kapera wa Shauri Moyo, na cha mkewe aliyebaki shambani, 'nataka' ilibeba maana zote mbili, na walioipima mishahara walisikia moja tu.