Saratani ya matiti: Usisubiri maumivu

SARATANI ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na ugonjwa huo na watu 670,000 walifariki. Nchini Tanzania, kwa upande wa wanawake, inashika nafasi ya pili baada ya saratani ya mlango wa kizazi.

Ugonjwa huu huanza pale seli za titi, hasa za mirija na tezi za maziwa, zinapogawanyika bila mpangilio na kuunda uvimbe. Usipotibiwa, huenea hadi kwenye tezi za kwapani, kisha mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Kinachowachelewesha wengi ni kwamba uvimbe wa saratani mwanzoni kwa kawaida hauumi. Mwanamke huendelea na shughuli zake akidhani kwamba kisichouma si ugonjwa. Wengine huogopa kukatwa titi, na wengine huanzia kwa waganga wa jadi. Maumivu au kidonda vinapojitokeza, mara nyingi ugonjwa umekwishaenea.

Dalili za kuzingatia ni:

- uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani;
- titi kubadilika umbo au ukubwa;
- ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa;
- chuchu kuingia ndani, kuwa na vidonda au kutoa damu.

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna awezaye kuutofautisha kwa kuupapasa tu. Daktari huagiza kipimo cha ultrasaundi au mamografia, kisha huchukua kinyama kidogo ili kipimwe maabara.

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosogea, na pia kwa wenye historia ya ugonjwa huo katika familia, wanene kupita kiasi na wanywaji wa pombe. Hata hivyo, WHO inaeleza kuwa takriban nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kingine zaidi ya kuwa wanawake wenye umri unaozidi miaka 40. Wanaume nao huugua, ingawa ni kati ya asilimia 0.5 na 1 ya wagonjwa wote.

Saratani inapogundulika mapema, uvimbe huweza kuondolewa bila kukata titi lote, na matibabu ya mionzi, dawa au homoni hufanya kazi vizuri zaidi. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huishi angalau miaka mitano baada ya kugundulika.

Kila mwanamke anashauriwa kuyafahamu matiti yake na kuyakagua siku chache baada ya hedhi. Ukaguzi huo hauchukui nafasi ya vipimo vya hospitali. Akiona badiliko lolote, amwone daktari bila kukawia, hata kama haumwi.