Uhimili wa Mgongano katika Gari Mseto la Mtumba

Uhimili wa mgongano ni uwezo wa gari kupokea nguvu za ajali na kuzipunguza kabla hazijamfikia aliyeketi ndani, nao hautokani na unene wa bati, kama wanavyodhani wanunuzi wanaogonga mlango kwa ngumi na kulisifu gari kuwa lina bodi ngumu. Gari likigonga, sehemu yake ya mbele hutakiwa ikunjamane, ili mwendo ufe kidogo kidogo badala ya kukatika ghafla, ilhali kizimba cha abiria, yaani fremu ya chuma inayozunguka viti, hubaki na umbo lake, na mikanda pamoja na mifuko ya hewa huuzuia mwili usivamie usukani.

Katika gari mseto, linaloendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, dhana hii huongezewa sharti la pili. Betri kuu ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ina volti 201.6, kiasi kinachoweza kuua. Kwa hiyo mgongano mkubwa unapotokea, mfumo wa vihisi unaofyatua mifuko ya hewa hutuma pia ishara ya kukata umeme unaotoka kwenye betri hiyo. Hapa ndipo gari mseto lililowahi kugonga, kisha likanyooshwa kwa bei nafuu, linapotofautiana na gari la kawaida: mfumo huo ukiharibika, kinga mbili huwa mashakani kwa pamoja.

Nyota za usalama ambazo wauzaji hupenda kuzitaja ni za gari jipya la aina hiyo, wala si za gari lililoegeshwa mbele ya mnunuzi. Tena zina mipaka yake. Katika jaribio la mbele ambalo Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayopima usalama wa magari na kuyapa nyota, ililitumia kwa zaidi ya miaka 20, gari liligongeshwa kwenye kizuizi kinachobonyea kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa, likikipiga kwa asilimia 40 ya upana wake. Matokeo yake hulinganishwa baina ya magari yenye uzito unaokaribiana tu. Gari mseto dogo kama Toyota Aqua, lenye uzito wa takriban tani moja, likikutana ana kwa ana na lori lililosheheni makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka, kusini mwa Tanzania, matokeo hayawezi kutabiriwa kwa nyota hizo; na katika mteremko wa kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, ambako breki za malori hupata moto, hilo si jambo la kufikirika tu.

Ukaguzi wa gari lenyewe basi ndio wenye uzito. Boneti ikifunguliwa, hutazamwa reli mbili za chuma zinazokwenda mbele kutoka kwenye kizimba: makunyanzi, puti au mshono wa kulehemu usiofanana na wa upande wa pili ni dalili kwamba sehemu ya kubonyea imeshabonyea mara moja. Karatasi ya mnada wa Japani yenye alama R kwa kawaida huashiria gari lililorekebishwa fremu. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mara mbili bila kukanyaga breki, taa ya mifuko ya hewa hutakiwa iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imefichwa kwa makusudi. Nyaya za rangi ya chungwa, ambazo ndizo za umeme mkubwa, zisiwe na mkwaruzo wala utepe wa fundi, na hazifai kushikwa.

Lipo pia tatizo ambalo jicho haliwezi kuliona. Vifyatuzi vingi vya mifuko ya hewa vya kampuni ya Takata, vilivyofungwa katika magari ya Honda, Toyota na mengineyo, vilitumia nitrati ya amonia, kemikali inayodhoofika kwa miaka ya joto na unyevu, kama hali ya hewa ya mwambao wa Ziwa Nyasa ilivyo, hadi kifyatuzi kikaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Namba ya chesisi ndiyo inayoonyesha, katika kumbukumbu za mtengenezaji, kama gari liliitwa kubadilishiwa kifyatuzi na kama kazi hiyo ilifanyika kabla halijapakiwa melini.