Wazee wa Chaji wa Buguruni: Watu Wasio na Majina Waliozuia Betri za Dar Zisife

Ukikatiza Buguruni, iwe upande wa Malapa au kule kwa Mnyamani, utawaona tu. Kibanda cha mabati, meza iliyoliwa na asidi, betri sita au saba zimepangwa foleni zikiwa zimeungwa nyaya, na mzee mmoja mwenye shati lenye matundu kama kitambaa cha kuchujia nazi. Hayo matundu si ufukara. Ni maji ya betri. Hakuna aliyewahi kumwekea bango wala kumuita kwenye intavyuu, lakini jiji hili limewashwa na watu wa aina yake kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi mnaosoma hapa.

Betri yenyewe ni mzee kweli kweli. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza ile ya risasi na asidi mwaka 1859, kabla hata gari halijakuwepo. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma mbele ya injini, na mpini ukirudi kinyume ulikuwa unavunja mkono wa mtu. Mwaka 1912 Cadillac wakatoa gari la starta ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na tangu hapo betri ikawa roho ya gari. Teknolojia ya msingi haijabadilika sana. Simu yako imebadilika mara mia, betri ya gari bado ni sahani za risasi ndani ya asidi.

Hapa Bongo, somo la gari kulala muda mrefu lilianza mapema. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Halafu ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake ukame wa kila kitu: mafuta, spea, matairi, hadi sabuni. Gari linaweza kukaa miezi juu ya mawe likisubiri kifaa kimoja. Hapo ndipo mtu alijua kwamba gari kusimama si kupumzika. Injini inasubiri kwa adabu, betri haina subira hiyo. Na kupata mpya ilikuwa shughuli pevu, kwa hiyo aliyejua kuifufua ya zamani alikuwa mtu wa maana mtaani kuliko diwani.

Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983 kazi ikaongezeka. Lakini mchongo mkubwa zaidi haukuwa wa magari. Mwaka 1994 televisheni za binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara (Zanzibar walishaanza 1973, tena kwa rangi, wenzetu hao), na nyumba nyingi za uswahilini hazikuwa na umeme. Betri ya gari ikageuka kuwa TANESCO ya familia. Dogo anatumwa na toroli au baiskeli kuipeleka chaji, na ole wake aimwage njiani siku ya mechi. Miaka ya mgawo wa umeme, 2006 na tena 2011, hata wenye luku wakajikuta kwenye foleni ileile.

Kisha zikaja IST, Vitz na wenzake kutoka Japani, na hapa historia ikageuka kimyakimya. Gari la gia za mkono betri ikizingua unaita washkaji wanne, mnasukuma, unatia gia ya pili, linawaka. Gari otomatiki utalisukuma mpaka Tabata na halitawaka. Tena haya magari yanakuja kwa meli wiki kadhaa, halafu mengine yanasubiri kwenye bandari kavu za Temeke na Kurasini huku mwenyewe akihangaika na kodi ya TRA. Anakuja kulichukua kwa mbwembwe, marafiki wameshashika simu wanarekodi, anazungusha ufunguo: tik, tik, tik. Kimya. Video hiyo haipandi Insta.

Kinachotokea ndani hakina uchawi. Betri iliyosimama inajimaliza yenyewe polepole, na joto linaiharakisha: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi joto 10 zikiongezeka, kasi hiyo hukaribia mara mbili. Sasa fikiria Dar ya Februari. Juu ya hapo, saa ya kwenye dashibodi, alamu na kompyuta ya gari vinanyonya kidogo kidogo usiku kucha. Betri ikikaa na njaa, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake. Mwanzoni chaji inaiyeyusha. Ukiiacha miezi, inakuwa ngumu kama kokoto na hapo hata mzee wa Buguruni atatikisa kichwa.

Ndiyo maana wazee hawa humwuliza mteja swali moja kwanza: imelala muda gani? Halafu testa. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia. Ikifika 12.4 ichajiwe, usingoje. Ikiwa chini ya 12 ujue imeshaanza kuumia. Na huwa hawana haraka. Betri ya 60 huchajiwa kwa ampea 6 hivi, usiku mzima, vifuniko vimelegezwa na hakuna kuvuta sigara karibu, maana gesi inayotoka inaweza kulipuka. Anayekuahidi kuijaza fasta kwa nusu saa anakupikia betri.

Kwa anayesafiri miezi mitatu, dawa yao ni ileile ya zamani. Ijaze kwanza. Chomoa waya wa hasi, na uanze na huo huo wa hasi, ili spana ikigusa bodi isipige cheche. Kama ni ya maji, angalia sahani zimefunikwa, na uongeze maji yaliyotoneshwa tu. Ya kisima cha Dar yana chumvi, yataiua. Kila mwezi ipimwe. Ile tabia ya kumwambia shemeji "liwashe dakika tano kila Jumapili" mara nyingi ni hasara: starta imekula mwingi, dakika tano hazijarudisha. Bora alitembeze nusu saa na zaidi. Wazungu wenye magari-nyumba hufanya mambo haya haya kila majira ya baridi, ila wao wana chaja ndogo inayojizima yenyewe, na wewe una mzee.

Kuna ile ya kutoweka betri kwenye sakafu ya saruji, eti saruji inanyonya chaji. Ilikuwa na mantiki enzi za makasha ya mbao yaliyovuta unyevu. Makasha ya plastiki hayajali. Wazee bado wanaweka kibao chini, na hakuna anayebishana nao.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mabasi ya njano ya wanafunzi yalisimama. Shule zote zilipofunguliwa Juni 29, ilikuwa zaidi ya miezi mitatu. Mwenye basi aliyechomoa waya alilipa hela ya chaji. Asiyechomoa alinunua betri mpya.

Na ile ya zamani inakwenda wapi? Hapo stori inakuwa chungu. Risasi haipotei. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mwanawe akaugua, alipigana hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mzee wa Buguruni hana kesi wala tuzo. Amekaa na risasi hiyohiyo maisha yake yote, mara nyingi bila glavu, na jioni ananawa mikono kwa sabuni ya kipande kabla ya kugusa ugali.