Alama za Mtihani na Mlango wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatokapo, twaona mambo mawili vijijini mwetu. Katika nyumba moja hupigwa vigelegele, na katika nyumba ya pili watu hukaa kimya kana kwamba pana msiba. Mzazi huuliza neno moja tu: "Amepata ngapi?" Lakini haulizi alama hizo zilianzaje, ni nani aliyezipanga, wala kwa nini alama hii hufungua mlango wa Chuo Kikuu na ile huufunga. Nataka kueleza historia ya jambo hili kwa ufupi, kwa maana ajuaye asili ya kipimo hatakidharau, wala hatakiabudu.

Mtihani wetu asili yake ni Uingereza. Huko vyuo vya Oxford na Cambridge vimekuwapo kwa karne nyingi, lakini zamani hapakuwa na mtihani mmoja wa nchi nzima uliomwonyesha kila kijana mahali pake. Mtu aliingia kwa mali ya baba yake, au kwa kuwa ametoka katika shule fulani, au kwa kujulikana na wakubwa. Tena palikuwa na kizuizi cha dhehebu. Mpaka mwaka 1854 hakuna aliyeweza kuandikwa Oxford pasipo kutia sahihi kwamba azikubali kanuni za Kanisa la Uingereza, na vizuizi vya namna hiyo katika vyuo vyote viwili havikuondolewa kwa sheria hata mwaka 1871. Kijana wa Kikatoliki au wa dhehebu jingine, hata akiwa na akili kama ya Sulemani, hakuwa na njia.

Mwaka 1858 Chuo cha Cambridge kilianza kutunga mitihani kwa ajili ya wanafunzi wa shule katika miji mbalimbali. Shabaha ya kwanza haikuwa kuwachagua watu wa kuingia Chuoni, bali kuzipima shule, zipi zafundisha vema na zipi zafundisha ovyo. Walakini jambo jipya lilikuwa limezaliwa. Maswali yalikuwa yale yale kwa wote, na aliyesahihisha alikuwa mbali, hakumwona mtoto wala baba yake. Mtoto wa fundi viatu na mtoto wa bwana mkubwa waliandika juu ya karatasi za namna moja. Tukumbuke neno hili tunapoulalamikia mtihani: ulipoanza ulikuwa msaada wa mnyonge, kwa sababu mahali palipokuwa na jina la ukoo pakawekwa alama.

Mtihani huo ulivuka bahari ukafika katika makoloni ya Waingereza, na huku kwetu Afrika ya Mashariki ukajulikana kwa jina la Cambridge. Vijana waliandika majibu yao, karatasi zikafungwa na kupelekwa Uingereza, nao wakangoja kwa miezi. Sharti lake moja lilikuwa gumu kuliko yote: aliyeshindwa Kiingereza hakupewa hati, hata kama hesabu zake zilikuwa safi. Hivyo kipimo kile kilichowaondolea maskini wa Uingereza kizuizi kimoja kiliwawekea watoto wa Afrika kizuizi kingine, maana walipimwa kwa lugha ambayo mama zao hawakuijua.

Na huo mlango wenyewe ulikuwa wapi? Kwa miaka mingi ulikuwa mmoja tu, nao ni Makerere, kule Kampala. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ikakua kidogo kidogo, na wasichana wakaingia mwaka 1945. Mwaka 1949 ikafanywa Chuo Kikuu kilichoshikamana na Chuo Kikuu cha London, hata shahada zake zikatolewa kwa jina la London. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja wote walitazama kilima kimoja. Julius Nyerere alikuwa mmoja wao. Aliingia Makerere mwaka 1943 akitoka shule ya Tabora, akatoka na hati ya ualimu, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh alikopata shahada yake mwaka 1952. Kwa kila kijana mmoja aliyepita hivyo, wengi waliachwa nje. Si kwamba hawakuwa na akili. Viti vilikuwa vichache. Mlango ukiwa mwembamba, kipimo hupandishwa ili watu walingane na viti.

Mwaka 1961 chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 vikaachana, kila kimoja kikawa Chuo Kikuu kamili. Mitihani nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki liliundwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na kwa sheria ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Tangu hapo maswali ya watoto wetu yakatungwa hapa, na majibu yakasahihishwa hapa.

Basi nchi ilipokuwa na kipimo mkononi mwake, ilianza kujiuliza swali kubwa: je, alama peke yake yatosha? Swali hili halikutoka hewani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam waliandamana kulikataa sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, wakarudi makwao. Wengi waliona kwamba alama nzuri zimezaa watu wanaojihesabu kuwa juu ya wakulima waliowalipia karo. Ndipo mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kutoa azimio: kijana amalizaye Kidato cha Sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Sharti kwanza atumike kazini kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha alete ushuhuda wa tabia na juhudi yake kutoka kazini na kwa Chama.

Azimio hilo lilikuwa na hekima ndani yake. Mtihani hupima kumbukumbu na akili kwa saa tatu. Haupimi uvumilivu, wala uaminifu, wala huruma. Tena liliwafungulia mlango watu wazima waliokwisha kufanya kazi. Walakini lilileta shida ambazo haikuwa rahisi kuziona mapema. Hesabu ya wasichana Chuoni ilipungua, maana katika ile miaka ya kungoja wengi waliolewa wakawa na watoto, na njia ikafungika. Kwa hiyo baada ya muda mfupi wasichana waliruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Isitoshe, ushuhuda wa mkubwa wa kazi si kama karatasi isiyo na macho. Mkubwa aweza kumpenda huyu na kumchukia yule. Hatimaye kanuni ile ililegezwa na kuachwa, na alama zikarudi kuwa ufunguo wa kwanza.

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kuna hesabu mbili, nazo zaenda kinyume. Baraza la Mitihani huhesabu A ya Kidato cha Sita kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, E kuwa 5, S kuwa 6 na F kuwa 7. Katika hesabu hiyo jumla ndogo ndiyo nzuri. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu A kuwa 5, B kuwa 4, C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1. Hapo jumla kubwa ndiyo nzuri. Sharti la chini la kuingia kusoma shahada ni kufaulu masomo mawili kwa alama ya E au zaidi, na masomo hayo mawili yafikishe jumla ya 4. Wala si masomo yoyote, bali yale yanayohusika na kozi anayoiomba kijana.

Tuseme wako vijana wawili. Wa kwanza amepata D, D na F. Wa pili amepata C, S na S. Kwa hesabu ya Baraza wote wawili wana 15, nao wazazi wao watasema, "Wamelingana." Lakini kwa hesabu ya Tume wa kwanza ana masomo mawili yenye 2 na 2, yaani 4, naye ametimiza sharti la chini. Wa pili ana somo moja tu lililofaulu kamili, kwa kuwa S haitoshi kufungua mlango, naye amebaki nje, ingawa C yake ni alama bora kuliko zote za mwenzake. Ajuaye jambo hili mapema hatamwacha mwanawe ategemee somo moja alipendalo na kuyatupa mengine.

Tena kutimiza sharti la chini si kupata kiti. Kozi zinazopendwa na wengi huchagua wenye alama za juu, na baadhi zina masharti yao. Anayetaka kuwa tabibu sharti afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Na mtoto hawezi kuyasoma hayo Kidato cha Tano asipoyafaulu vizuri Kidato cha Nne. Kwa hiyo mlango wa Chuo Kikuu, ambao mzazi huuona mbali, huanza kufunguka au kufungwa mtoto angali na miaka 15 au 16, siku ile asemapo, "Kemia ni ngumu, naiacha," na nyumbani hakuna anayejua kwamba neno kubwa limesemwa.

Lakini wasomaji wangu wasidhani kwamba alama ni kipimo kisichoyumba. Sokoni twajua kwamba kibaba cha huyu hakilingani daima na kibaba cha yule. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ikashtuka, Serikali ikayafuta matokeo yale, na mwaka 2013 yakapangwa upya na kutangazwa mara ya pili. Watoto walikuwa wale wale, na majibu yao yale yale. Kilichobadilika ni kipimo. Jirani zetu wa Kenya waliona jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2015 waliopata A kamili katika mtihani wao wa mwisho wa sekondari walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, ulinzi wa karatasi ulipokazwa ili kukomesha wizi wa mitihani, wenye A kamili walikuwa 141 tu nchi nzima. Nani atasema kwamba akili za watoto zilikauka katika miezi 12?

Basi tufanyeje? Naona mambo manne. Kwanza, mzazi aulize mapema. Asingoje matokeo ya mwisho, bali aende shuleni mtoto angali Kidato cha Pili au cha Tatu, amwulize mwalimu: masomo haya yanampeleka wapi? Pili, asimnunulie mtoto mtihani ulioibwa. Mwizi wa mtihani hamwibii mwalimu. Humwibia mtoto wa jirani yake kiti, naye mwenyewe hufika Chuoni asijue la kufanya.

Tatu, asidhani kwamba mlango ni mmoja kama enzi za Makerere ya zamani. Aliyekosa alama aweza kusoma stashahada katika chuo cha ualimu, cha uuguzi, cha kilimo au cha ufundi, na akifaulu vema aweza kuomba shahada kwa njia hiyo. Kuna pia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mtu husoma akiwa kazini kwake. Mwenda pole hajikwai. Nne, binti aliyefaulu asizuiwe nyumbani kwa kisingizio cha kungoja mwaka mmoja. Tumekwisha kuona katika habari za Musoma jinsi kungoja kulivyowapoteza wasichana wengi, hata wale ambao walikuwa na alama za kutosha.

Historia hii yatufundisha neno moja. Alama zilibuniwa ili mtoto wa maskini apimwe kwa kazi yake, si kwa jina la baba yake, nasi twapaswa kuushukuru mtihani kwa hilo na kumtayarisha mtoto kwa bidii. Lakini waliotengeneza kibaba ni wanadamu, nao wamekibadili mara nyingi, wakati mwingine kwa hekima, wakati mwingine kwa haraka. Kibaba hupima mchele ulioletwa sokoni siku ile, hakipimi shamba. Kijana aliyekosa pointi moja mwaka huu bado ana shamba lake, yaani akili yake, mikono yake na miaka yake. Mzazi asimwite mjinga mbele ya watu, wala asimfukuze nyumbani. Amketishe, wahesabu pamoja alama zile kwa hesabu zote mbili, kisha watafute mlango ulio wazi.