Vipele baada ya kunyoa ndevu: kwa nini vinatoka na namna ya kuvizuia

Hivi karibuni katika kipindi chetu cha asubuhi tulizungumzia kunyoa ndevu, na ujumbe mliotutumia ulikuwa mwingi kuliko muda tuliokuwa nao. Wengi mliuliza jambo moja: kwa nini mtu anunue wembe mpya, anyoe kwa uangalifu, halafu baada ya siku mbili kidevu na shingo vijae vipele? Wengine mna wasiwasi kwamba ni dalili ya ugonjwa mkubwa. Kwa hiyo tumeandika maelezo hapa, uyasome taratibu na umwonyeshe na mwenzako.

Tuanze na jibu lenyewe. Kwa watu wenye nywele za kipilipili kama wengi wetu, chanzo kikubwa cha vipele hivyo si uchafu. Ni kunyoa karibu mno na ngozi. Ndiyo maana anayeona vipele akaamua kunyoa hadi chini kabisa ili "vitoke vyote", huwa anaviongeza.

Muwasho na vipele ni vitu viwili

Muwasho wa wembe huja mara tu baada ya kunyoa. Ngozi inachoma, inakuwa na joto na kuwasha. Kwenye ngozi nyeusi huenda usione wekundu, lakini utauhisi. Unatokana na wembe kuikwangua ngozi, hasa ikiwa kavu au wembe ukiwa butu. Mara nyingi huisha ndani ya saa chache au siku mbili tatu.

Vipele vya ndevu huja baadaye, siku moja au mbili baada ya kunyoa, ndevu zinapoanza kuota. Unywele wa kipilipili hauoti kwa kunyooka, unajipinda. Ukikatwa chini kabisa, ncha yake inabaki kali kama mkuki. Unapoota, ncha hiyo inajikunja na kuingia tena kwenye ngozi, au inatoboa ngozi kwa ndani kabla haijatoka nje. Mwili unauona unywele huo kama mwiba. Hapo panavimba, panawasha, na pakiingia vijidudu panatunga usaha. Kipele kikipona, mara nyingi kinaacha doa jeusi.

Nyembe za plastiki zenye makali mawili au matatu yaliyopangana huongeza tatizo hili. Kali la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata, na kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Uso unakuwa laini siku hiyo, lakini vipele viko njiani.

Namna ya kunyoa bila kuumiza ngozi

1. Lainisha ndevu kwanza. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa kisafi kilicholowa maji ya uvuguvugu usoni kwa dakika 5. Nywele kavu ni ngumu. Zikinywa maji zinakatika kwa urahisi.

2. Paka povu. Krimu ya kunyolea ni nzuri. Kama huna, tumia sabuni ya kuogea isiyo kali na uipige hadi itoe povu zito, kisha iache usoni dakika 2. Sabuni ya unga na sabuni ya mche ni za nguo, zinakausha ngozi. Usinyoe ngozi ikiwa kavu.

3. Tumia wembe mkali. Wembe butu unakulazimisha kukandamiza. Wembe wa plastiki unaoutumia peke yako usizidi mara 5 hadi 7, na ukianza kuvuta nywele kabla ya hapo, utupe. Usuuze kila baada ya kupitisha mara moja au mbili, na ukimaliza uukaushe.

4. Fuata nywele zinakoelekea. Papasa ndevu kwa vidole. Upande usiokwaruza ndiko nywele zinakoelekea, na wembe upite huko huko. Angalia shingo, kwa sababu hapo nywele zinaweza kulalia upande tofauti na za kidevuni.

5. Usivute ngozi, usikandamize, usirudie rudie sehemu moja. Ngozi ikivutwa, wembe unakata chini zaidi, na ukiiachia unywele unazama ndani.

6. Suuza kwa maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua, kisha paka losheni au mafuta kidogo yasiyo na manukato makali.

Ukifanya haya yote na vipele bado vinakuja, acha wembe. Tumia mashine ya kunyolea inayoacha nywele fupi, kama milimita 1. Ukipitisha kiganja utahisi ndevu zinakwaruza kidogo, na hilo ndilo lengo. Unywele uliobaki juu ya ngozi hauna nafasi kubwa ya kurudi ndani.

Akina mama na dada nao hawajaachwa nje. Nywele za kwapani na za sehemu za siri hujikunja vilevile, na kanuni ni hizo hizo.

Kama vipele vimeshatoka

Pumzisha ngozi. Usinyoe kabisa kwa wiki 3 hadi 4. Wiki ya kwanza huenda ikawasha zaidi, usikate tamaa. Nywele zikirefuka, nyingi hujichomoa zenyewe na vipele hupungua. Unaweza kuweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku. Usitumbue kipele, na usichimbe unywele kwa sindano au pini. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyoacha makovu.

Usipake ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua yanaweza kuiunguza na kuacha madoa. Dawa ya meno nayo si dawa ya ngozi. Na jihadhari na krimu za kuchubua zinazouzwa mitaani. Nyingine zina dawa kali za steroidi. Mwanzoni utaona ngozi imetulia, lakini ukizitumia muda mrefu zinaifanya iwe nyembamba na kuleta chunusi.

Angalia pia kisogo. Vipele vigumu nyuma ya shingo, pale kinyozi anapochonga kwa wembe, vikiachwa muda mrefu vinaweza kugeuka makovu yanayovimba na nywele zisiote tena. Mwambie kinyozi mapema: "Kisogoni usipitishe wembe, na mashine usiikandamize." Hiyo ni haki yako kama mteja, si dharau kwa fundi.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Vipele ni kero, lakini wembe wa kuchangia ni hatari. Wembe uliomkwaruza mtu unaweza kubeba damu hata kama huioni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na maambukizi ya VVU kwa njia ya wembe wenye damu nayo yanawezekana. Kuupitishia spiriti haraka haraka hakuufanyi kuwa mpya.

Saluni, mwambie kinyozi afungue wembe mpya mbele yako, au nenda na wa kwako. Nyumbani, baba na vijana wasitumie wembe mmoja. Na kwenye msiba, kwa jamii zetu zinazonyoa nywele baada ya mazishi, kila anayenyolewa awe na wembe wake. Mila haivunjwi kwa kuongeza nyembe.

Wembe uliotumika usiutupe uwanjani watoto wanapocheza. Weka kwenye kopo lenye kifuniko, likijaa tumbukiza kwenye choo cha shimo.

Wakati wa kwenda zahanati

Nenda ukiona usaha unaongezeka, uvimbe wenye maumivu unaosambaa, homa, makovu yanayokua, au vipele visivyopungua baada ya wiki 4 bila kunyoa. Mwenye kisukari asisubiri muda huo, kwa sababu vidonda vyake hupona polepole. Muwasho wenye umbo la duara huenda ukawa fangasi, na dawa yake ni tofauti. Ikihitajika, omba rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Hapa Tanzania, KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi.

Ukikumbuka moja tu katika haya yote, likumbuke hili: uso ulionyolewa vizuri si lazima uwe laini kama yai. Acha unywele kidogo, na ngozi yako itatulia.