Ulimi wa Ngozi, Si Kipande

Fasiri "kipande cha ngozi", inayotumiwa kwa ngozi ikatwayo pande tatu na kugeuzwa izibe jeraha huku upande wa nne ukibaki umeshikamana na mwili, ina kosa la msingi, kwa kuwa kipande ni kitu kilichokwisha kutengwa na kilikotoka. Ngozi iliyotengwa kabisa ina jina lake, pandikizi, nayo ni sawa na kikonyo cha parachichi ambacho mkulima wa Rungwe hukikata na kukibebesha kwenye mche mwingine.

Jina lifaalo ni "ulimi wa ngozi". Mzizi wake, -limi, ni wa Kibantu, na Mnyakyusa wa Mbeya au Mhehe wa Iringa huutambua bila kufundishwa. Kiswahili nacho kilikwisha kulitoa neno hili kinywani kiliposema ndimi za moto na ulimi wa kiatu, na kote huko lipo shina na ipo ncha. Damu huingilia shinani, ndiyo maana ncha hutangulia kufa. Waliolikataa kwa hoja kwamba ni la mitaani, ambao yaelekea hawajapata kuona bandeji ikifunguliwa wodini, hawajaeleza hadi leo kipande kina shina gani.

Kwa upande wa dawa zinazojaribiwa kuiokoa ncha hiyo, "kiondoa sumu" kwa maana ya "antioxidant" ni fasiri mbaya zaidi, maana ndiyo lugha ya wauza mitishamba. Madhara yanayokusudiwa kuzuiwa hutokana na oksijeni yenyewe: damu iliyopungua inaporejea kwenye tishu, oksijeni huzaa molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, nazo hushambulia tando za seli. Kwa hiyo "kizuiaoksidi" kinatosha.

Kuhusu matumizi, vizuiaoksidi kama vitamini E na asetilisisteini vimepunguza kufa kwa ncha katika majaribio ya panya, ambayo mfano wake mashuhuri, ulimi wa mgongoni, ulielezwa na McFarlane na wenzake mwaka 1965. Kwa binadamu ushahidi ni haba, na daktari wa Mbeya au Iringa anayenyoosha kiwiko kilichokunjwa na kovu la moto hutegemea zaidi upana wa shina, mshono usiovutika na mgonjwa asiyevuta sigara. Kisha muuguzi huibonyeza ncha kwa kidole, akaangalia rangi inachukua muda gani kurudi.