Maghala ya Wadogon na Picha Zilizobaki

  Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: "Maître, picha ya ghala la zamani inanisaidia nini mimi ambaye langu limechomwa?" Sikumjibu siku ile. Leo ninajaribu, lakini nitapitia mbali kidogo, kule Mali.

Katika nchi ya Mali kuna genge la Bandiagara, lenye urefu wa kilometa karibu 150. Wadogon wamejenga vijiji vyao juu yake na chini yake. Ghala lao ni jembamba na refu. Fundi huanza na mawe na magogo, ili panya na maji visifike kwenye nafaka. Halafu anapandisha ukuta wa udongo uliochanganywa na majani makavu, kidogo kidogo, akingoja kila sehemu ikauke. Juu anaweka kofia ya majani. Kuna ghala la mume, la kuwekea uwele, na kuna la mke, anamoweka nguo, mapambo, fedha na chakula chake. Mume hana ruhusa kulifungua. Wababa, mmesikia?

Mlango ni mdogo na uko juu. Wahunzi ndio waliouchonga pamoja na kufuli yake ya mti, mara nyingi wakiweka safu za sanamu za watu.

Mwaka wa 1931 wataalamu kutoka Ufaransa, wakiongozwa na Marcel Griaule, walifika Sanga katika safari yao ya kutoka Dakar hadi Djibouti. Safari ile yote ilileta Paris picha karibu 6,000, na vitu vya wenyeji kwa maelfu. Baadaye wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliipenda milango ile, na mingi ikauzwa. Mahali pake pakawekwa mbao tupu. Mimi picha za namna hii zinanisumbua. Nyingi zinaonyesha ghala kwa nje tu. Mnunuzi akiitazama anajua mlango wa kutafuta, lakini kijana wa kijiji hajifunzi udongo ulikandwa namna gani.

Kisha vita ikaja. Zamani Wafulani walileta maziwa wakapewa uwele, na ng'ombe wao walilisha katika mashamba yaliyovunwa, wakiacha samadi. Mwaka wa 2019 watu zaidi ya 150 waliuawa katika kijiji cha Wafulani cha Ogossagou, mwezi wa tatu. Mwezi wa sita, 35 waliuawa Sobane Da, kijiji cha Wadogon. Katika vita hiyo maghala yalichomwa pande zote mbili. Anayechoma ghala anataka mwenyewe asirudi.

Kule Timbuktu, makaburi ya watakatifu 14 yaliyobomolewa mwaka wa 2012 yalikuwa yamejengwa upya kufikia 2015. Mafundi walitazama picha za kale, wakauliza pia wazee. Picha peke yake isingetosha. Na mtu mmoja aliyehusika, Ahmad Al Mahdi, alihukumiwa miaka 9 na CPI, kule La Haye, mwaka wa 2016.

Mahakama ileile inatuhusu. Mwaka wa 2017, katika kesi ya Germain Katanga juu ya shambulio la Bogoro, Ituri, la 2003, majaji walikubali wahanga 297. Walihesabu nyumba, vyombo, mifugo na mavuno. Kila mmoja alipewa dola 250 za heshima, zaidi ya fidia za pamoja. Lakini ilibidi kila mtu aonyeshe alichopoteza, na karatasi zilikuwa zimeungua.

Kwa hiyo, mwenye simu, kama kijijini kwenu ghala moja bado limesimama, lipige picha nje na ndani, na umpige fundi mikono yake ikiwa kazini. Uandike jina lake na mwaka.

Yule mama hana picha. Tulikaa chini, akachora kwa kijiti: mianzi iliyosukwa, imepakwa udongo na samadi, juu ya mawe manne. Lilikuwa linaingiza magunia sita ya maharagwe. Jirani yake akamsahihisha: mawe yalikuwa matano. Mjomba aliyelisuka yuko katika kambi nyingine. Tumemtumia habari.